Siku Dunstan Alipomnyoa Seneta

Dunstan hakuwahi kukataa kichwa. Katika duka lake la kinyozi pale Oxon Hill, Marekani, lililobanwa kati ya dobi na muuza simu, alikwisha kunyoa watoto wa arobaini, mabwana harusi waliochelewa, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa ameshalazwa kwenye jeneza. Kwa hiyo binti yake Anitha alipokuja Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, uso umemshuka, na kumweleza kwamba farasi wa zizi anakojifunzia kupanda amekosa mtu wa kumnyoa, Dunstan alijibu kabla hajafikiri:

"Mlete."

"Baba, ni farasi," alisema Anitha kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, lakini kukijibu alikuwa amegoma tangu darasa la nne.

"Basi tutamfuata."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Farasi huota manyoya mazito wakati wa baridi, kama mtu aliyevaa koti asilolivua. Baridi inapopungua na kazi ya kupandwa inapoanza, hutoka jasho ndani ya koti hilo, hulowa, kisha hupigwa na upepo akaugua. Hivyo hunyolewa. Lakini mnyoaji wa pale zizini alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na kesho yake Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho ya wanafunzi. Mwenye zizi, Bi Peterson, alikuwa amesema wazi: jua likizama leo kabla farasi hajanyolewa, Anitha hatapanda, atasimama langoni kugawa juisi. Na msichana huyo alikuwa amejifunza majira yote ya baridi, vidole vikimfa ganzi, kwa ajili ya Jumamosi hiyo moja.

Dunstan alikusanya mashine zake, akachukua mashuka mawili, akayashona pamoja haraka haraka, akatoka. Tatizo ni kwamba kwenye kiti alikuwapo mteja, Mkenya aitwaye Kipkemboi, mlinzi wa hoteli, aliyekwisha kunyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

"Wee Dunstan! Na mimi je?"

"Nifuate. Nitakumalizia huko huko."

Kipkemboi akaingia kwenye gari lake na kitambaa cha kunyolea shingoni, akafuata.

Farasi aliitwa Seneta. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya kahawia, mwenye macho ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Dunstan alimpa salamu, akamfunga mashuka shingoni kwa adabu ileile anayowafungia watu, kisha akauliza, "Tupunguze au tumalize kabisa?" Anitha alitazama ardhi, akitamani ipasuke immeze.

Mashine ilipowaka, Seneta alitetemeka mwili mzima, akapiga kwato, akamkanyagia Dunstan chanuo lake.

"Hajazoea kunyolewa kimya kimya," alisema Dunstan. "Hata mimi siwezi. Kipkemboi, sema kitu."

"Niseme nini na farasi, buda?"

"Chochote. Mwambie jana ulikula nini."

"Nilikula ugali. Wa kwetu, mgumu, si ule wenu. Ugali wa Tanzania ni uji uliokata tamaa."

"Uliokata tamaa! Na wenu je? Mnapika matofali, halafu mnaomba mboga isaidie!"

Masikio ya Seneta yakalegea. Mdomo wa chini ukaning'inia. Kadiri ubishi ulivyopanda, ndivyo farasi alivyotulia, na mashine ikateleza kutoka shingoni mpaka pajani, manyoya yakidondoka kama majani makavu. Bi Peterson alikuja, akasimama mikono kiunoni.

"Wanamwambia nini?" alimwuliza Anitha.

"Wanabishana habari za ugali," alijibu Anitha kwa sauti ya mtu anayeungama.

Upande wa kushoto ulipokwisha, ungeweza kujiona humo kwa jinsi ulivyong'aa. Hapo ndipo Dunstan alipoharibu. Mjomba wake aliyemfundisha kazi kule Moshi alikuwa akisema kwamba kinyozi asiyemwonyesha mteja kazi yake ni mwizi. Bila kuwaza, mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na kioo, ukakiinua mbele ya pua ya farasi.

"Unaonaje, mkubwa?"

Seneta aliona farasi mgeni, amevaa mashuka, anamkodolea macho kwa karibu kuliko heshima inavyoruhusu. Alipiga kelele, akakata kamba, akatoka mlangoni mashuka yakipepea nyuma kama askofu aliyechelewa misa. Kipkemboi akamkimbilia, naye kitambaa chake kikipepea. Wale wawili, kila mmoja amenyolewa nusu, walizunguka uwanja mara kadhaa mbele ya Bi Peterson, ambaye alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Farasi alipokamatwa kwenye nyasi kavu, jua lilikuwa limegusa vilele vya miti. Kipkemboi, akihema, alitazama saa.

"Maze, lazima niende job." Akavaa kofia mpaka masikioni, akaondoka.

Dunstan akawasha mashine peke yake. Akajaribu kusimulia safari yake ya kwanza ya ndege. Seneta akapiga teke. Akajaribu zaburi. Teke jingine. Farasi huyu alijua tofauti ya hotuba na ubishi.

"Anitha, bishana nami."

"Kuhusu nini?"

"Lolote, mwanangu. Jua linakwenda."

Anitha aliikaza kamba ya farasi mkononi. Kisha, kwa Kiingereza, chini chini: "Kwa nini ulileta mashuka?"

"Mteja hanyolewi bila kitambaa."

"Si mteja! Kila mahali unakuja na duka lako! Kwenye kikao cha wazazi ulimnyoa mwalimu wangu wa hesabu!"

"Aliomba mwenyewe!"

"Hakuomba!" Na hapo hasira ikamtoka kwa Kiswahili, yote kwa mara moja. "Ulimwambia kisogo chake kinatia huruma! Darasa zima walisikia!"

Masikio ya Seneta yakalegea. Mashine ikaanza kwenda.

"Na wewe," alisema Dunstan, "umewaambia rafiki zako nafanya kazi Greenbelt, kwenye kituo cha anga. Mama wa mmoja wao alikuja dukani kuniuliza habari za mwezi!"

"Kwa sababu nikisema kinyozi, watacheka!"

Dunstan akasita. Lile neno lilimpata pale pasipo na nguo. Lakini sauti ilipokatika tu, farasi aliinua kichwa na ngozi ikaanza kumcheza. Hapakuwa na nafasi ya kuumia.

"Wacheke!" alisema, akisukuma mashine. "Nani anamnyoa farasi wako sasa hivi, mtu wa mwezini?"

"Nani aliyemwonyesha kioo?"

"Kioo ni haki ya mteja!"

"Baba, ni farasi!"

Waligombana ubavuni, wakagombana mgongoni, na kwenye mguu wa nyuma Anitha alilia kidogo huku akiendelea kugombana. Alikuwa ameshika kamba, baba yake amepiga magoti chini ya tumbo, na kila jibu alilotoa lilimnunulia mstari mwingine mmoja. Jua lilipozama nyuma ya miti, hapakuwa na unyoya mrefu uliobaki.

Bi Peterson alipitisha kiganja kuanzia shingoni mpaka kiunoni, pande zote mbili. Alitazama mashuka, alitazama kioo, akaamua kutouliza.

"Kesho saa tatu, uwe umevaa buti," alimwambia Anitha. Kisha akamgeukia Dunstan. "Na wewe njoo. Sijawahi kumwona Seneta akitulia hivi."

Walitembea kuelekea garini wakiwa wamejaa manyoya kama paka wawili.

"Sasa unaweza kunyamaza," alisema Dunstan.

"Sijamaliza," alisema Anitha kwa Kiswahili, akafunga mkanda. "Tuanze na yule mwalimu."