Nakhumicha na Meli Zake za Vipande

Watu wakisikia kwamba Nakhumicha anatengeneza meli hapa Nakuru, hucheka kwanza ndipo wanauliza. Ziwa letu ni la ndege na magadi, halina meli. Siwalaumu. Hata mimi nilicheka, na mimi ni senge wake, dada ya baba yake, niliyempeleka shule siku ya kwanza nikimvuta mkono.

Lakini meli zilipita hapa. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, na wazee waliomtangulia kazini walimwambia kwamba baadhi ya zile meli za zamani za Ziwa Victoria zilifika kwa gari la moshi. Zilitengenezwa ng'ambo, zikafunguliwa zote, kila chuma kikaandikwa nambari, zikapita stesheni yetu zikiwa zimelala ndani ya mabehewa kama magunia ya mahindi. Kisumu wakaziunga upya. Hadithi hiyo nimewasimulia watoto wote wa ukoo wetu na wengi walisinzia. Nakhumicha peke yake aliuliza: "Senge, na kama kipande kimoja kingepotea njiani?"

Sasa ni mama mzima wa miaka arobaini na mbili, na bado anauliza maswali ya namna hiyo.

Meli yake inakaa ndani ya sanduku la kadibodi ambalo unaweza kulibeba kwapani. Ndani kuna vipande mia moja na themanini vya mbao, kila kimoja na nambari yake, gundi, msasa, uzi, na karatasi ya maelezo. Wewe mnunuzi unaunga mwenyewe nyumbani. Ukimaliza una meli ya moshi ya urefu wa sentimita arobaini, na bomba lake, na vyumba vyake. Nilipendekeza iitwe Eucabeth, kama mimi. Akasema jina ni refu, halitoshei ubavuni.

Kabla ya meli alikuwa fundi wa vitanda na makabati, kazi aliyofundishwa na baba yake, ndugu yangu Makhanu. Huyo alikuwa fundi wa mbao katika kiwanda cha kuyeyusha chuma. Kama kiwanda kilitaka gurudumu, Makhanu alichonga gurudumu la mbao, likazikwa ndani ya mchanga, likatolewa, chuma cha moto kikamwagwa palepale lilipokuwa limelala. Alipofariki wengine walikimbilia redio na koti lake la sufu. Nakhumicha alichukua sanduku la vyombo: randa, patasi, na rula ya chuma iliyolainika kwa kushikwa. Hiyo rula akaiweka kwenye kitambaa kama kitu cha kanisani.

Meli ya kwanza aliikata peke yake, kila kipande kwa rula ya baba yake. Ilishikana hata kabla ya gundi. Akaipeleka Gilgil kwa Samsam, mwanamke mwenye duka la zawadi kando ya barabara kuu, pale magari ya kwenda magharibi yanaposimama watu wanyooshe miguu. Samsam aliizungusha ile meli mara tatu.

"Shule zikifungwa Desemba, watu wa Nairobi wanapita hapa na watoto, na watoto wanalia wanataka kitu," akasema. "Niletee arobaini. Lakini kwanza niletee sanduku moja nijenge mimi mwenyewe, na hii mikono ya kupima vitambaa. Nikishindwa mimi, mteja atashindwa, na hatakuja kukutukana wewe Nakuru. Atanitukana mimi."

Nakhumicha alirudi akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Alikataa kazi mbili za vitanda ili apate nafasi. Mafundi wenzake wakaanza kumwita Kapteni. Kila akipita, mmoja alikuwa anapuliza honi kwa mdomo.

Arobaini ni nyingi kwa mikono miwili, kwa hiyo aligawa kazi. Yeye alikata kwa msumeno wake mwembamba mgongo wa meli, ule ubao mrefu wa chini, na mbavu kumi na nne zinazosimama juu yake. Sakafu ya juu, ambayo wenye meli wanaiita sitaha, pamoja na kuta za vyumba, alimpa Ngigi, kijana wa mjini mwenye mashine ya kukata plaiwudi kwa mwanga wa leza. Alipima kwenye meli ya kwanza kwa rula yake, akamwandikia Ngigi vipimo kwenye karatasi, Ngigi akaingiza kwenye kompyuta. Mimi niliandika maelezo. Nilimaliza darasa la saba wakati darasa la saba lilikuwa na maana, na mwandiko wangu unasomeka mpaka leo. Nakhumicha alikuwa ameandika, "Sitaha inapaswa kuwekwa kwa uangalifu." Nikamwambia mtu mwenye gundi kwenye vidole hana wakati wa maneno hayo. Nikaandika: "Shika sitaha. Upande wenye nambari uangalie chini. Anza mbele, malizia nyuma."

Vipande vya meli zote arobaini vikakatwa. Sanduku la kwanza likaenda Gilgil. Siku ya nne Samsam akalileta mwenyewe mpaka kwangu, mtaa wa Section 58, akaliweka mezani. Nakhumicha alikuwepo.

"Nimejaribu mara tatu," Samsam akasema. "Mbele inaingia, nyuma inabaki wazi. Angalia. Ncha ya kidole changu kidogo inaingia hapa. Kama mimi ni mjinga niambie."

Hakuwa mjinga. Sitaha ilikuwa fupi. Na zile nafasi ambazo mbavu zinaingilia zilikuwa zinapotea moja baada ya nyingine, kidogo mbele, zaidi katikati, mpaka nyuma hakuna kinachoshika kingine.

"Nipe siku," Nakhumicha akasema.

"Jumamosi ya wiki ijayo nakuja Nakuru kuchukua mzigo wangu mwingine. Nitapita hapa, nitakaa kwa hii meza, nitajenga. Ikiingia, nachukua arobaini. Isipoingia, dada, tusisumbuane. Nafasi kwenye rafu nitaweka wanasesere."

Siku tisa. Na ndani ya siku hizo tisa, maisha ambayo Nakhumicha alikuwa amejichagulia mbele ya watu wanaompigia honi.

Alienda kwa Ngigi siku ileile akiwa amewaka. Alimwambia mashine yake ni mwizi, inakula mbao. Ngigi akapima sitaha mbele yake, akasema iko kama alivyoandikiwa. Nakhumicha akasema meli ya kwanza iliingia yote, na kitu kilichobadilika ni kimoja tu, yeye Ngigi. Haya yote alinisimulia mwenyewe, akiwa bado anajiona ana haki.

Kesho yake nilimtembelea kwenye karakana. Alikuwa ameegemea meza, migongo yote arobaini imepangwa mbele yake, na rula ya Makhanu juu. Mimi sikuwa nimeiona hiyo rula tangu matanga. Niliiangalia, nikahisi joto masikioni.

"Lete futi yako ya kawaida," nikamwambia.

"Ya nini? Hii ya baba haijawahi kudanganya."

"Wewe lete."

Akaleta ile ya kuvuta. Nikailaza kando ya rula, sifuri kwa sifuri. Tukafuata kwa macho. Kwenye kumi zilikuwa karibu sawa. Kwenye ishirini rula ilikuwa imeanza kuponyoka. Kwenye arobaini ya rula, futi ilisema arobaini na milimita nne.

"Futi yako imeharibika," akaniambia, kama vile futi ilikuwa yangu.

Tukaomba ya jirani. Tukatoa mkobani mwangu rula ya shule ya mjukuu wangu. Zote zikaafikiana, rula ya baba yake peke yake ikakataa. Nakhumicha akakaa juu ya kipande cha mbao. Nikaona uso wake, nikajua lazima niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu tangu mwaka wa sabini na nane.

"Mwaka ule wa sabini na nane niliweka madirisha kwangu," nikaanza. "Nikaiba hiyo rula sandukuni mwa baba yako, nikapima fremu, nikaenda kununua vioo. Vioo vikaja vikacheza ndani ya fremu kama jino la mtoto. Julai yote tulilala na upepo. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Aliniambia chuma kikiwa moto kimenenepa, kikipoa kinanywea. Kwa hiyo umbo la mbao lazima liwe kubwa kidogo kuliko kitu kinachotakiwa. Badala ya kupiga hesabu kila mara, mafundi wa kiwanda wanapewa rula ambayo kila sentimita yake imeongezwa tayari. Si mbovu. Ni ya kazi ya chuma tu."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa naona aibu ya vioo."

Nilitarajia anigombeze, nilikuwa nimejiandaa. Badala yake alianza kuhesabu kwa vidole. Ndiyo sababu meli ya kwanza ilikubali: yote ilikatwa kwa rula moja, ikawa kubwa kidogo kila mahali, na hakuna aliyejua. Mbao zilipokatwa nusu kwa rula yake na nusu kwa kipimo cha dunia, zikakosana.

"Nimemwita Ngigi mwizi," akasema.

Tulienda pamoja. Ngigi yuko ghorofa ya kwanza, chumba kinachonuka moshi wa mbao. Alituona mlangoni akaendelea kufagia.

"Niaje, Kapteni. Leo umekuja na askari ama na wakili?"

"Nimekuja na senge wangu."

"Mathe, karibu. Kaa hapo, hiyo kiti haijaibiwa."

Nakhumicha hakukaa. "Ngigi, vipimo vyako viko sawa. Mimi ndiye nilikosea, na nilikutukana mbele ya wateja wako. Ungeniambia nirudi nilikotoka ningerudi."

Ngigi aliacha kufagia. Akaangalia ufagio, akamwangalia Nakhumicha. "Wateja walikuwa wawili," akasema. "Mmoja ni shemeji yangu. Hiyo familia yote sasa inajua mimi ni mwizi wa plaiwudi."

"Nitaenda kwa shemeji yako."

"Wacha. Nilikuwa nafurahia." Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Sikia, hii ni rahisi. Naongeza saizi ya sitaha asilimia moja, na kuta vilevile, nakata upya zote. Kufikia kesho kutwa uko sawa."

Mimi niliona hilo ndilo jibu, nikaanza kumshukuru. Nakhumicha akatikisa kichwa.

"Plaiwudi ya sitaha arobaini itupwe?"

"Sasa utatupa ya nani?"

"Migongo yangu. Zako ziko sawa. Sitatupa kazi nzuri ili niokoe mbovu. Na mtu akivunja kipande kule Busia, atapima kwa rula ya duka akate kingine. Hatakuwa na rula ya baba yangu."

Niliona ni kiburi, na nilimwambia hivyo tukishuka ngazi. Kwetu kiburi hakikosekani, lakini cha kutupa migongo arobaini sikuwa nimekiona. Akaniuliza kama najua kupiga msasa.

Ngigi alitaka kukata migongo mipya kwa mashine, lakini ubao wa mgongo ni mnene, mashine inauchoma tu. Kwa hiyo ilikuwa msumeno wa mkono. Kila siku migongo sita, kuanzia alfajiri. Mbavu hazikuwa na haja ya kutupwa, zilikuwa nene kwa unywele tu kila upande, lakini zilikuwa mia tano na sitini. Nilizipiga msasa nikiwa nimekaa kibarazani, nikiwa nimefunga leso puani. Siku ya tatu vidole vyangu havikuweza kushika kikombe. Nakhumicha akasema nipumzike. Nikamwambia nimevuna viazi Mau Narok kwenye baridi kabla yeye hajazaliwa, aniache. Wale mafundi wa honi walikuja kuangalia. Mmoja akachukua kipande cha msasa bila kuambiwa, akakaa. Hakupuliza tena.

Siku ya sita ubao wa mgongo uliisha, akaenda dukani akakuta hakuna wa unene ule. Akachukua ubavu wa kitanda chake mwenyewe, mvule mzuri, akaupasua. Alilala kwenye godoro sakafuni. Migongo minane ilitoka humo.

Jumamosi Samsam alifika saa nne, akavua viatu, akanawa mikono, akaketi mezani kwangu. Nakhumicha alisukuma masanduku yote mbele yake. "Chagua." Samsam akachomoa moja kutoka chini kabisa.

Hatukuruhusiwa kusema. Hilo alilitaka mwenyewe. Alifungua karatasi yangu akaisoma kwa sauti ndogo. Mgongo. Mbavu ya kwanza, ya pili. Alizipanga polepole, kila moja ikiingia kwa mlio mdogo mkavu. Ya saba ilikataa, akaigeuza, ikaingia. Nakhumicha alikuwa amesimama kando yangu karibu na jiko, mikono nyuma, na niliona jinsi alivyoshikilia kidole gumba chake mwenyewe.

Samsam akachukua sitaha. Akaiweka. Mbele haikuingia. Akabonyeza. Haikuingia. Akamwangalia Nakhumicha, na Nakhumicha akaangalia ukuta.

Nilifungua mdomo. Nakhumicha akanikanyaga.

Samsam akairudia karatasi. Kidole chake kikafuata mstari: "Upande wenye nambari uangalie chini." Akageuza sitaha. Akaanza mbele, akashuka akibonyeza kwa gumba, nafasi kwa nafasi, mpaka nyuma. Akajaribu kupitisha kidole chake kidogo. Akajaribu ukucha.

"Nani aliandika hii karatasi?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Inasema mambo wazi." Akainuka, akavaa viatu. "Arobaini nachukua. Na Pasaka nitataka nyingine, ukiweza."

"Nitaweza," Nakhumicha akasema. Tayari alikuwa anabeba sanduku la kwanza.

Tulipakia masanduku thelathini na tisa ndani ya gari. La arobaini Samsam alikataa lifungwe. Aliketi mbele na ile nusu meli mapajani, chupa ya gundi mkononi, akimwambia dereva asiruke matuta.