Karatasi Ambayo Sikuiomba

Nilimwambia afungue simu. Hakuna aliyenituma nimwambie hivyo, wala haikuwa kazi yangu siku ile. Ningenyamaza dakika tano tu, au ningesema "hapana, subirini kwanza," leo nisingekuwa naandika haya. Mmezoea kunisoma hapa nikilalamikia makorongo yanayokula barabara zetu na madalali wanaotubana wakati wa mavuno, na katika malalamiko yote hayo mkosaji huwa ni mtu mwingine. Leo mkosaji ni mimi. Jumamosi tumemzika sista wa zahanati yetu, nesi mkunga aliyetumika huku vijijini nje ya mji wa Karatu mpaka akastaafu. Alianguka jikoni kwake asubuhi, presha, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Kanisa lilijaa hadi nje. Niliketi benchi la mwisho karibu na mlango, mahali ambapo mtu hukaa akiwa hana uhakika kama anatakiwa.

Wengi walimwona sista anaringa. Siku ya mnada ungepishana naye katikati ya mitumba na mafungu ya vitunguu, asikusalimie mpaka umsalimie wewe, na hata hapo ni salamu fupi, macho kwenye nyanya. Nami nilimwona hivyo, mpaka siku moja nikamuuliza kwa utani kama tumemkosea nini. Akaniambia, "Baba Fulani, nikimchangamkia mmoja, aliyesimama naye atajiuliza tunajuana wapi." Hapo niliposema Fulani palikuwa na jina la binti yangu, maana ndivyo alivyoniita, kama watu wanavyoitana kwa majina ya watoto wao. Jina lenyewe silitaji. Nimeshamtaja vya kutosha. Basi hivyo ndivyo alivyokuwa: alijikosesha marafiki sokoni ili asimfichue mtu mmoja aliyewahi kukaa kwenye benchi lake la zahanati. Watu walitembea kutoka Qurus, wengine kutoka Buger, wakapita zahanati zilizo karibu nao, waje kwake kwa sababu hiyo tu.

Wakati wa habari ya ile simu nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na muhuri ulikuwa hautoki mfukoni mwangu. Niliupenda ule muhuri kuliko inavyofaa. Zahanati ilikuwa imekaguliwa, makasha kadhaa ya dawa hayakuonekana kwenye hesabu, na asubuhi moja wakaja askari watatu nyumbani kwa sista. Nikaitwa niwe shahidi, kama utaratibu unavyotaka. Nilivaa koti. Nilipofika, majirani walikwishajipanga nje ya ua, wengine na majembe yao begani. Sista alikuwa mtulivu kuliko sisi wote. Aliwauliza jambo moja tu: "Mna karatasi?" Mkubwa wao akasema karatasi ipo kituoni. Sista akasema sawa, nyumba ipekueni, na kweli wakaipekua. Wakafungua magunia ya mahindi, wakainua godoro, wakamwaga sanduku la vitenge, wasipate kitu. Ndipo wakaitaka simu, naye akaikumbatia kifuani. Alisema simu ile si yake peke yake. Kama wanaitaka waichukue ikiwa imezimwa, iandikwe kwenye karatasi, na ifunguliwe siku watakapoleta amri ya kuifungua.

Hapo watu wote wakanigeukia. Nilipaswa kuelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa akisema jambo la maana. Badala yake niliona ananiaibisha mbele ya wageni wangu, maana kwa upumbavu wangu niliwahesabu wale askari kuwa wageni wangu. Nikasema kwa sauti ya kikao: "Sista, kama huna hatia unaficha nini? Wafungulie tumalize, watu waende shambani." Akauliza, "Baba Fulani, ni wewe unayeniambia nifungue?" Nikajibu ni mimi. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma: "Ni wewe?" Nikadhani ananiheshimu. Nikasema, "Ni mimi, fungua." Akafungua, akaiweka simu mezani, akageuka kutazama ukuta.

Askari kijana aliyeichukua alianza kucheka. Orodha ya majina ilikuwa kama ya duka la mbegu: Mbaazi, Dengu, Ngwara, Shayiri, Alizeti Mfupi, Maharage ya Juu. "Sista, kumbe wewe nawe ni dalali?" akauliza, na watu nje ya ua wakacheka naye. Lakini mkubwa wake hakucheka. Alisema hizo ni lugha za wezi, hayo ndiyo majina ya wanaouziwa dawa, na akaamuru meseji zisomwe. Kijana akasoma kwa sauti. Hayakuwa mazao yaliyokuwa yakizungumza mle. Alikuwa ni mama aliyeharibikiwa na mimba mara ya tatu na hataki mkwewe ajue. Alikuwa ni mwanamume mzima aliyeomba ushauri ambao mwanamume huomba kwa kunong'ona. Kisha akasoma ya Mbaazi: "Sista shikamoo, vidonge vyangu vimebaki vya siku nne. Naomba uniletee kanisani baada ya kwaya kama kawaida. Baba asijue. Jumapili atakuwa kwenye kikao cha kitongoji." Kila mtu pale alijua ni vidonge gani ambavyo mtu humeza kila siku bila kukosa na kuvichukua kwa kujificha. Na kitongoji kina mwenyekiti mmoja, na mwenyekiti huyo ana binti mmoja tu, naye huimba kwaya. Kicheko kilikatika. Shingo moja baada ya nyingine ikageuka kunitazama.

Baada ya hapo waliniletea fomu nitie sahihi. Sikuisoma. Mkono ulishazoea, nikasaini, nikatoa muhuri, nikagonga. Baadaye sana niliambiwa kwamba iliandikwa humo kuwa mwenye simu aliifungua kwa hiari yake mwenyewe, mbele yangu. Yale makasha ya dawa yalikuja kuonekana kwenye zahanati nyingine, yalikoshushwa kwa makosa. Simu ikarudishwa. Hakuna aliyerudi uani kwa sista kuwaambia wale wenye majembe wasahau walichosikia.

Ningependa kuandika kwamba jioni ile nilimkumbatia mwanangu. Sikumkumbatia. Alirudi kutoka kazini, maana alikuwa mhudumu katika loji moja kwenye barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, na habari zilikuwa zimeshamfikia kabla hajashuka kwenye bodaboda. Nilimuuliza kwa nini amenitia aibu. Hilo ndilo lililonitoka kinywani, aibu yangu, kabla ya afya yake. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Baba, mimi nilikuwa nimejisitiri. Wewe ndiye uliyenifungua." Siku ya tatu akaondoka na begi moja. Na sista, kuanzia juma lile, hakuniita tena Baba Fulani. Aliniita Mwenyekiti. Hata nilipoacha uenyekiti aliendelea kuniita Mwenyekiti, kwa adabu kamili, na kila mara nilisikia kilichoondolewa. Benchi lake lilipungua watu. Yule mama wa mimba tatu alihamia kwa wazazi wake. Wengine waliacha dawa za kufubaza virusi kuliko kuonekana wakizifuata, na mmoja wao nilibeba jeneza lake.

Mwaka uliofuata nilikwenda mjini kwa mwanasheria mmoja anayesaidia watu bila malipo. Sijui nilitaka nini, labda aniambie kwamba sikuwa na namna. Aliniuliza maswali kama mwalimu. Je, niliiona hiyo karatasi ya upekuzi? Je, ilitaja simu, au ilitaja dawa tu? Je, nilisoma nilichogonga muhuri? Nilijibu hapana, sijui, hapana. Akaniambia, "Mzee, uliitwa uwe jicho, wewe ukaenda kuwa mdomo." Alinieleza kwamba shahidi hawekwi pale kwa ajili ya askari peke yao, yupo pia kwa ajili ya anayepekuliwa, na ana haki ya kukataa kusaini asichokiona wala kukisoma. Sheria ina milango yake ya dharura, nami si mwanasheria wa kuwafundisha. Lakini kuuliza anayekupekua anatoka kituo gani, kuomba kuiona karatasi, kuuliza inatafuta kitu gani, kutaka kilichochukuliwa kiorodheshwe na wewe ubaki na nakala, hayo si matusi kwa serikali. Sisi wa umri wangu tulifundishwa kusimama wima mbele ya kofia ya serikali, na tukadhani kusimama wima ni kukubali kila kitu. Tukapekuliwa magunia, tukayafunga tena, maisha yakaendelea. Simu si gunia. Ukimwaga vitenge vya mtu atavikunja jioni. Maneno yaliyosomwa uani hayakunjiki, na mara nyingi si ya mwenye simu. Hicho ndicho sista alichokisema kwa maneno machache, nami nikamuuliza anaficha nini.

Alikuwa anamficha mwanangu. Tena alimficha mbele yangu, aliponiuliza mara mbili kama ni mimi.

Baada ya maziko nilimsogelea mdogo wake sista, mwanamke wa makamo aliyekuwa amekaa na simu ya marehemu mapajani, akiwapigia waliokuwa mbali. Nilijua, kwa kusikiasikia, kwamba binti yangu hakuwahi kukata mawasiliano na sista. Nikampa pole, tukaongea Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, habari za ugonjwa na za safari. Akaniambia mwenyewe: "Binti yako nimempigia. Alilia sana. Hakukuulizia." Nikamwomba namba. Ningepaswa kutulia na kile nilichopewa, kwamba yu hai na ana sauti ya kulia, lakini nikamwomba. Aliishika ile simu kifuani, vilevile kama dada yake alivyoishika. Kisha akaacha Kiiraqw, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama watu wa ofisini:

"Mzee, una karatasi?"

Sikuwa nayo. Nikasema samahani, nikavaa kofia, nikaondoka. Ndiyo mara ya kwanza katika habari hii yote nilipokataliwa na nikakubali, na natamani ningejifunza kukataliwa mapema zaidi. Msomaji wangu, siku utakapoitwa ushuhudie upekuzi wa jirani, funga mdomo, fungua macho, soma kabla ya kusaini. Kama anasema simu si yake peke yake, mwamini. Huenda wewe ndiye umo humo.

Nilichopoteza ni hiki. Nina mtoto mmoja. Yuko hai, anameza vidonge vyake mahali nisipopajua, na aliyekuwa akizijua habari zake, ingawa hakuniambia, tumemzika Jumamosi. Hakuna mtu aliyebaki duniani wa kuniita tena Baba Fulani.