Urbanus na Korongo Mwenye Pete

Mume wangu Urbanus alikuja Moshi kutoka Singida kukata miwa. Mgongo ulipomshinda akahamia Mabogini kuamia ndege, yaani kukaa juu ya dungu la miti shambani tangu alfajiri, kombeo mkononi, kuwafukuza kwelea wasimalize mpunga wa watu. Hao kwelea Urbanus hakuwahurumia. Alirusha tope likaangusha watatu kwa mpigo, walio hai akawanyonga kwa kidole gumba, jioni tukawakaanga. Lakini ndege wageni, wale wanaokuja kiangazi na kuondoka masika, hao hakuwagusa. Akiwaona tu anachukua mkaa, anaandika ukutani: tarehe, wako wangapi, wametokea upande gani. Ukuta mzima ulikuwa mweusi. Watu wakija kunitembelea nilikuwa naona haya.

Desemba ya mwaka wa sabini na nane akaniletea korongo ndani ya nyumba. Amevunjika bawa, na mguuni ana pete ya chuma yenye herufi na namba.

"Mama Dominika, huyu katoka Ulaya," akaniambia huku anacheka. "Wazungu ndio waliomvisha, wajue anafika wapi."

Nikamjibu, basi Wazungu wamlishe. Jumapili nikarudi kutoka kanisani, nyama niliyowaachia watoto yote imo tumboni mwa korongo. Jamani! Nilitoka uani nikapiga kelele mpaka barabarani: "Nenda ukaishi na hao ndege wako! Wanakuletea barua toka nje, na wewe unawajibu ukutani!"

Nilikuwa na hasira, basi. Lakini vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, kila mtu anaona jasusi nyuma ya mgomba, na Crispin, mkubwa wa vijana wa mgambo pale kijijini, alikuwa amepata habari ya mdogo wake kuuawa huko mpakani wiki hiyo hiyo. Crispin ndiye aliyekuwa anapita na baiskeli. Mdomo huponza kichwa, ndivyo wanavyosema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Kesho yake walikuja sita, mchana kweupe. Crispin alimkanyaga korongo shingo, akamkata mguu kwa panga, akaigeuzageuza ile pete. Kisha akausoma ukuta.

"Arobaini na tatu, kutoka kaskazini. Unamwandikia nani, Urbanus?"

"Ni korongo, kaka. Naandika korongo."

Rungu la kwanza likamng'oa meno. Wakamburuta hadi mferejini, wakamzamisha kichwa. Taja anayekutuma. Korongo, kaka. Kichwa majini tena. Majirani walijaa ukingoni wakatazama tu, kwani Urbanus alikuwa mtu wa kuja, na mtu wa kuja hana shangazi wa kumlilia.

Nilimrukia Crispin nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. "Ni uongo! Nimetunga mimi! Nilikuwa na hasira za nyama!"

Akanipiga teke la tumbo nikaanguka kwenye tope. "Jana ulisema kweli," akaniambia. "Leo unamwogopea mumeo."

Wakamlaza mkono wa kulia juu ya jiwe, ili asiandike tena, wakaupondaponda kwa rungu, kidole kimoja kimoja. Nilisikia mifupa. Cha nne kilipovunjika Urbanus akazimia, wakadhani amekufa, wakatawanyika mbio. Nilimfunga kwa kanga kwenye mkokoteni nikamsukuma mwenyewe hadi hospitali mjini, naomba njia nzima asife kabla sijamwomba radhi.

Hakufa. Siku ya tatu akaja askari polisi na karatasi. Aliyempiga ni nani, na chanzo ni nini? Mimi nimesimama miguuni pa kitanda.

"Nilianguka dunguni," Urbanus akasema.

"Dungu ndilo limekuponda vidole?"

"Nilianguka, afande."

Askari akakunja karatasi yake akaondoka. Nikampandia mgonjwa kitandani kwa hasira. "Baba Dominika, una wazimu? Mtaje Crispin akaozee jela!"

Akanitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba. "Nikimtaja ataulizwa alisikia kwa nani," akasema, kisha akageukia ukutani.

Sasa ni miaka sita. Mkono umebaki kama tita la kuni. Dunguni napanda mimi, shati lake namfunga vifungo mimi. Radhi nimemwomba mara ngapi? Anasema yameisha, mama. Hajanitukana, hajanifokea, hata siku akirudi kalewa mbege. Nikimaliza kumfunga vifungo ananiambia asante. Wallahi, mimi Anyesi niliyebatizwa, naapa hata kwa kiapo kisicho changu: ningeshukuru kofi.