Shahidi Niliyetaka Afungwe

Niliishia darasa la saba, na maneno ya mahakamani nimeyashika kwa masikio tu, kwa hiyo huenda mengine nimeyashika vibaya. Ila nataka kuandika haki, hata kwa mtu ninayemtakia mabaya.

Mtu huyo ni wifi yangu, mke wa kaka. Majaruba yetu ya mpunga huku Michenga yanapakana, na miaka yote tulifunga kamba moja ya makopo juu ya yote mawili. Akivuta yeye, ndege wanaruka na kwangu. Nikivuta mimi, wanaruka na kwake.

Msimu uliopita mpunga wangu uliliwa na ng'ombe ukiwa umeshatoa masuke. Mimi nilikuwa Ifakara, hospitali. Wifi alikuwa juu ya dungu anaamia ndege. Niliporudi alinipokea njiani, kabla sijauliza: "Ni ng'ombe wa jirani, wifi. Yule maksai wa pembe iliyovunjika ndiye alikuwa mbele."

Jirani mfugaji akashtakiwa. Aliyeona kwa macho alikuwa wifi peke yake.

Siku ya kesi hakuja. Wakili wa serikali, kijana mwenye sauti kubwa, alikuwa ameniambia nje, "Mama, usihofu. Huyo wifi yako nitamfunga." Nilifurahi, sitaficha. Nilimwona wifi kichwani mwangu, yumo ndani ya karandinga, na moyo wangu ukapoa.

Wakili akaomba akamatwe kwa kudharau mahakama. Hakimu akamuuliza, "Samansi ya mahakama aliipokea lini?"

"Mheshimiwa, nilimpigia simu."

"Simu ni yako. Wewe ni upande mmoja hapa, sawa na mshtakiwa. Anayeita ni mahakama. Sasa amedharau nini?"

Kesi ikaahirishwa. Nilimchukia yule hakimu, ingawa hata mimi nisingependa mtu anipigie simu tu, kesho nilale ndani.

Safari ya pili samansi ilitoka mahakamani, mtendaji wa kijiji akampelekea wifi, naye akasaini. Akaja na kitenge kipya. Akaapa. Akasema, "Ng'ombe niliwaona. Wa nani, sikujua. Jua lilikuwa usoni."

Wakili akambana weee, jibu likawa lile lile. Akageuka kwa hakimu, anaomba tena aadhibiwe kwa dharau.

"Ameitwa, amekuja, ameapa, amejibu," hakimu akasema. "Jibu lisilokupendeza si dharau. Kama unasema ni mwongo, hilo ni shtaka jingine, nalo lina ushahidi wake. Una nani mwingine?"

Hakuwa na mwingine. Jirani akaachiwa. Akapita mbele yangu, "Shikamoo mama," kwa adabu zote. Ningeweza kumng'ata.

Wifi nilimkuta nje. "Ulitaka wanifunge, wifi?"

"Ndiyo."

"Na shamba langu ungelima wewe?"

Ni kweli. Maksai wa jirani ndio wanaomlimia, na kaka mgongo wake umeshakwisha. Na jua la asubuhi pale kwenye dungu linapiga usoni, nimepanda mwenyewe nikalipima. Lakini pembe aliiona. Aliitaja bila kuulizwa.

Mwaka huu mpunga ulipotoa masuke nilikwenda mpakani, nikaifungua kamba. Sikuikata. Nusu yake nikaikunja vizuri, pamoja na makopo yake yote, nikaiweka chini ya dungu lake.

Asubuhi akaniita kutoka juu. "Wifi, kamba imekatika?"

"Haijakatika. Nimeifungua."

"Sasa ndege je? Mimi peke yangu, na mgonjwa ndani?"

"Kaniletee samansi."

Alicheka kidogo, akidhani natania. Nikavuta kamba yangu. Ndege wakaruka kwangu wote, wakatua kwake.