Siku Tatu Kabla ya Kliniki

Mwaka wa 1993, nikiwa na miaka arobaini na moja, ndipo shida iliingia kwangu. Kabla ya hapo nilijua kazi tu, na kazi si shida. Nilitoka shule darasa la tatu nikaenda kupalilia kwenye mashamba makubwa ya chai, nikachuna majani miaka kumi, nikanunua ekari mbili upande wa Roret na kuzipanda chai kwa mkono huu ninaoandikia. Nyumba ya kwanza ya mabati kijijini ilikuwa yangu. Watu wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kuuzia majani, mimi ambaye barua za kiwanda nilikuwa nasomewa na mama watoto.

Huyo mama watoto ndiye nataka kuandika habari yake.

Alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Anamaliza jagi, anateka lingine. Blauzi zikaanza kumning'inia. Miaka hiyo mtu akikonda, watu walijua ugonjwa mmoja tu, na hawakuutaja, walikuwa wanaangalia chini. Nikifika kituoni na majani, mazungumzo yanakatika. Nilielewa. Nikampeleka hospitali, akapimwa, tukaambiwa ni ugonjwa wa sukari na atadungwa sindano asubuhi na jioni maisha yake yote.

Mimi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Jioni hiyo nilisimama kituoni nikasema kwa sauti, "Ni sukari! Nani hapa alikuwa na maneno mengine?"

Mzee mmoja akanijibu, "Basi mwenyekiti, tukikosa sukari tutakuja kukorogea chai kwako."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sista wa kliniki alimfundisha mama watoto kujidunga, na kuweka chupa ya insulini ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji ili isiharibike. Alimpa pia karatasi ndogo za kupima mkojo nyumbani. Unachovya, unangoja, unaangalia rangi. Lakini damu ilipimwa hospitali tu, mara moja kwa mwezi, siku ya Jumanne. Mashine ilikuwa moja na wagonjwa walijaa benchi mbili.

Huyo sista alikuwa na sauti. Akishapima alikuwa anatangaza, na benchi zote zinasikia. Mwezi wa pili alitangaza kipimo chetu: "Kumi na tisa! Mama, umekula harusi ya nani?"

Benchi ikacheka. Hapo mimi sikucheka. Njiani nilimwambia mama watoto, "Leo umeniaibisha."

"Nilikula ugali tu, Baba. Nilikuwa nachuna chai, ningechuna na njaa?"

"Mwezi ujao hatutaenda hivi."

Sasa nieleze vile nilifikiri, maana fikra hizo ndizo zilizomuua. Kituoni, karani wa majani hakujui. Hajui kama wiki nzima ulichuna vizuri au ulichuna na majani magumu. Anaangalia kile umemwaga mbele yake. Kwa hiyo kabla hajafika unamwaga kikapu kwenye gunia, unachambua, unatupa magumu, unabakisha majani mawili na kichipukizi. Mimi majani yangu hayakuwahi kurudishwa, na ndiyo maana nilikuwa mwenyekiti. Nikaona damu ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo siku tatu kabla ya kliniki nilikuwa namzuia kula. Ugali hapana. Mursik, maziwa ya mgando ambayo kwetu hata mgonjwa hanyimwi, hapana. Chai ya rangi bila kitu, na mboga ya managu iliyochemshwa. Sindano anajidunga kama kawaida. Jumanne tunatembea kwa mguu mpaka hospitali, ili jasho nalo lisaidie.

Safari moja, kabla hatujafika, alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka usoni na ilikuwa asubuhi ya baridi. Akashika nguzo ya ua wa watu. "Baba, nipe kitu tamu. Sista alisema nikiwa hivi ninywe soda."

Soda ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikuwa nimeibeba.

"Ngoja upimwe kwanza," nilimwambia.

Nilimshika mkono tukafika. Ilisoma tatu na kitu. Sista alitangaza, halafu akageukia benchi: "Mnaona mzee huyu? Anatunza bibi yake. Wanaume wengine mko wapi?" Nikampa mama watoto soda yake hapo mbele ya watu, na watu wakaona ni upendo. Daktari akaangalia kadi ya vipimo, akasema dawa imezidi, akaipunguza. Mwezi uliofuata ilisoma tano, akapunguza tena.

Daktari hakukosea. Alikata dawa kwa kipimo alichopewa. Zile siku zingine za mwezi, mama watoto alikuwa anakula kama mchunaji chai anavyokula, na dawa ilikuwa nusu.

Yeye alijua. Karatasi za mkojo zilikuwa zinageuka kahawia, rangi ya sukari nyingi, karibu kila asubuhi. Siku moja alizipanga kwenye kipande cha gazeti, akaandika tarehe kando ya kila moja, kwa mwandiko wake mzuri. Yeye alifika darasa la saba.

"Nataka kumwonyesha daktari hizi."

"Unabeba mkojo wako ukamwonyeshe mwanaume?"

"Basi nimwambie tu kwa mdomo. Nimwambie ukweli."

"Ukweli gani? Ukweli ni ile namba kwenye kadi."

Alikunja gazeti lake. Mara nyingi natamani angebishana.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kadi yetu ikawa safi, sista anaionyesha wagonjwa wapya. Halafu siku moja karani alirudisha majani yetu. Mbele ya kamati yangu! Kikapu cha mama watoto, ambaye hakuna mwanamke wa kituo kile alimshinda kwa mkono, kilikuwa kimejaa majani magumu na vijiti. Nilimgombeza njia nzima. Nilimwita mvivu. Alisema tu, "Siku hizi nachuna kwa vidole." Sikuuliza maana yake. Alikuwa haoni kichipukizi. Alikuwa anapapasa.

Ndani ya mwaka mmoja, jicho la kulia lilizima kabisa na la kushoto likabaki na ukungu. Kisha gamboti, kile kiatu kirefu cha mpira, ikamchubua kisigino na hakusikia maumivu. Wiki mbili alitembea juu ya kidonda, mpaka harufu ikatuambia. Tulipofika hospitali, mguu ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo.

Daktari aliyekuwa wodini alikuwa mgeni. Alisoma kadi mara mbili, akainua kichwa.

"Mama, hii kadi inasema sukari yako imekuwa nzuri miaka yote. Mguu haukubaliani. Macho hayakubaliani. Nyumbani ilikuwa inakwenda namna gani?"

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Nilijua jibu. Mama watoto alitafuta mahali nilipo kwa lile jicho la ukungu, akasema, "Ilikuwa inapanda na kushuka tu, daktari. Ni mimi, napenda ugali."

Daktari akaandika.

Walikata mguu. Aliishi wiki tano, figo zikakataa. Ilikuwa 1998. Kwenye mazishi, mzungumzaji baada ya mzungumzaji alisema jinsi nilivyomtunza. Sista naye alikuja, akalia. Nilikubali hayo maneno nikiwa nimevaa suti. Watoto wangu waliyaamini, na leo ndiyo mara ya kwanza watasoma mambo yalivyokuwa.

Sasa sukari imenipata mimi. Binti yetu wa mwisho anafanya kazi mjini Bomet, alinibandika kidude kwenye mkono, kidogo kama kifuniko cha chupa. Kinakaa siku kumi na nne. Kinapima sukari mchana, kinapima nikiwa nimelala, na simu inachora mstari. Nikila viazi mstari unapanda. Nikichelewa kula, simu inalia. Mwezi wa kwanza nilijaribu kufunga kula kabla ya kliniki, mzee mimi, bila aibu. Daktari, msichana mdogo, akavuta simu kwa kidole, akacheka. "Mzee, hizi siku tatu ni za nani? Mimi nitakutibu kwa hizi zingine."

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Binti yangu, aliyekuwa amenisindikiza, alifikiri nimezidiwa, akakimbia kuniletea juisi.

Mali yangu leo ni hii. Ekari tisa, sita za chai. Ng'ombe wa maziwa wanne na mtamba mmoja. Nyumba ya mawe, vyumba vitano. Tangi la maji la lita elfu kumi. Pikapu moja, ya zamani lakini inatembea. Watoto sita, wote wamesoma. Friji ndogo, rafu ya juu ni ya insulini. Vidude vya mkono viwili ambavyo havijafunguliwa. Na kaburi moja upande wa juu wa shamba, la saruji, ninalolifagia mwenyewe.