Salamu za Déo kutoka Upande Ule

Watu wa Bagira, mtaa wa Bukavu, walimjua Constance kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa msomaji wa matangazo katika redio ndogo ya parokia, chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, juu kidogo ya soko la Nyawera. Alisoma vifo, mbuzi waliopotea, mikutano ya akina mama, na hotuba za wakubwa baada ya kuzitoa katika Kifaransa na kuzitia katika Kiswahili cha kueleweka na muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Sauti yake ikisema jambo, jambo hilo limekuwa. Mzee mmoja aliyetangazwa kwa makosa kuwa amekufa ilimbidi azunguke nyumba kwa nyumba kujionyesha, na bado kuna waliomsalimia kwa mbali.

Na huyo huyo ndiye aliyemdanganya mama yake miaka minne.

Msimhukumu bado. Vita vya mwaka 1998 vilipoingia mjini, kaka yake Déogratias, mwalimu, alitoka kwa miguu na mfuko mmoja, akashika njia ya Shabunda, akisema atafika Kinshasa hata kama ni kwa kutambaa. Nyuma yake nchi ikakatika vipande viwili. Barua hazikupita, simu hazikupita, ndege hazikupita. Huko kwingine watu walikuita "upande ile", kwa sauti ya chini, maana kulitaja jina la Kinshasa mbele ya wenye bunduki kulikuwa kujitafutia balaa.

Mwaka uliofuata mchimba dhahabu mmoja wa Mwenga alifika redioni, akamwita Constance uani. Alimwambia kwamba Déo alipigwa risasi kwenye kivuko cha mto, akakaa siku mbili, akafa. Yeye mwenyewe alisaidia kumzika. Kabla ya kufa alimtaja dada yake, "ule wa redio". Mtu yule akanywa maji aliyopewa, akaaga, akaenda zake, na Constance akarudi ndani kusoma tangazo la chanjo.

Wakati huo mama yao, maman Cibalonza, alikuwa amelazwa kwa presha, na daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Constance akajiambia: nitamwambia akipona. Mama akapona. Akajiambia: baada ya Noeli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakukaa meza moja na maman Cibalonza, aliyeuliza kila jioni, kijiko mkononi, kama mtoto wake amekula.

Basi siku ya Bonane, mwaka mpya wa 2000, katikati ya salamu za sikukuu zilizoletwa na wasikilizaji, Constance alisoma moja ambayo haikuletwa na mtu. "Maman Cibalonza wa Bagira, mwanao aliye mbali anakusalimu. Amevuka mwaka salama." Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anacheza, peke yake, mikono juu. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?

Uongo una njaa. Mama aliuliza nani anampikia Déo, ikabidi Déo apate mke. Wasafiri waliopitia Goma, alisema Constance, ndio walioleta habari. Kisha mama akauliza kama mke ana mimba. Constance, kwa uchovu tu, akasema ndiyo. Basi maman Cibalonza akatoa agizo lipelekwe kwa wasafiri hao hao: akizaliwa binti, aitwe Yolande, jina la dada yake marehemu. Mtoto akazaliwa mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo huo, binti, mwenye afya. Kila mwaka bibi yake alimfumia triko, sweta ya sufu, kila mwaka kubwa zaidi, na alipokosea kipimo alimwuliza Constance, naye Constance akajikuta sokoni Nyawera ameshika kiatu cha mtoto, anakipima kwa kiganja.

Na Déo alikuja. Hakuja kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha dada yake. Akivaa tu vile vitu vya masikioni kabla ya kusoma, alimsikia nyuma yake, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Aliuliza swali moja tu, lile lile, kwa upole: "Leo nimesema nini?" Constance hakugeuka hata siku moja. Aliogopa kumwona, na aliogopa zaidi kutomwona.

Katikati ya mwaka 2003 nchi ikawa moja tena. Bukavu iliimba. Constance naye aliimba, kwa mdomo. Alikuwa ameiombea amani kama kila mtu, na sasa ilikuwa imefika na kumkuta uchi. Vita ndivyo vilivyomfichia siri yake. Barabara ikifunguliwa, angemficha Déo wapi?

Asubuhi ya Bonane ya 2004, papa Marcellin, mkuu wa redio, alimpa karatasi za hotuba ya rais aliyoitoa jana yake huko Kinshasa. Ilikuwa hotuba nzuri, tusimnyime mtu haki yake. Umoja, maendeleo, shule, barabara. Hakuna tena upande huu na upande ule. Na mwaka huu kila mtu ataonana na watu wake. Constance alitafsiri yote bila kituo mpaka hapo. Kalamu ikasimama. Kisha akaandika: "wengi wataonana na watu wao."

Papa Marcellin alisoma juu ya bega lake. "Constance, raisi hakusema bengi. Alisema kila mutu."

"Papa, si kila mutu ataona bake. Unajua."

"Najua. Mi mwenyewe nilizika babili. Lakini hatuko hapa ya kusahihisha raisi."

Constance akalikata neno lile, akaandika lingine. Alipovaa vile vitu vya masikioni, pumzi ilikuwepo. Akasoma kwa sauti ile ambayo ikisema jambo limekuwa: "Mwaka huu kila mtu ataonana na watu wake." Nyuma yake hakuna aliyeuliza kitu.

Alifika Bagira saa sita mchana. Godoro la Déo lilikuwa limeanikwa juani. Maman Cibalonza alikuwa amesimama mlangoni, amevaa liputa, kitenge chake cha sikukuu, na viatu vya kanisani, majirani wakimpongeza.

"Njo weye nilikuwa nangoja," akasema. "Tuende Kavumu, ku ndege. Raisi amesema. Nitakaa pale mpaka ashuke."

"Maman, ingia kwanza."

"Niingie ya nini? Nimeingia miaka tano."

Constance alimshika mkono, akamwingiza, akafunga mlango. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga tangu 1999, yote mazuri, na hakuna hata moja lililokuja. "Maman, Déo hatashuka. Déo alikufa. Ni mimi nilikuwa natunga zile salamu."

Mama aliketi. Hakuuliza lini, wala Constance hakusema. Aliuliza wapi, akajibiwa. Aliuliza kama alizikwa na watu, Constance akasema ndiyo, na watu, kwa mikono yao. Maman Cibalonza akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe.

"Sawa," akasema mwishowe. Akainuka, akafunga liputa vizuri. "Na Yolande? Alibakia na nani?"

Constance alimshika mkono arudi kuketi.

"Mutoto ya Déo hawezi kukulia kwa batu ya mama yake. Njo ile tu imebakia. Tuende tumufate."

Ukweli ulikuwa pale, mfupi, wa maneno matatu. Lakini kumwambia mama kwamba hakuna Yolande, hakuwahi kuwepo, kwamba miaka mitatu amempenda mtu ambaye hakuwa mtu? Hilo Constance hakuliweza. Alikuwa mwoga, nalisema wazi, na nisingependa kuwa mahali pake.

"Naye pia, maman."

"Naye pia nini?"

"Naye pia hayuko tena."

Ndipo maman Cibalonza alipopiga kelele, kelele ile ambayo Bagira nzima inaijua maana yake, na majirani waliokuja kwa pongezi wakarudi kwa kilio. Walikaa siku tatu. Walimlilia Déo kwa heshima, na mtoto kwa uchungu, kama ilivyo desturi. Constance alilia pamoja nao, na aliyemlilia zaidi, Mungu amsamehe, alikuwa mtoto.

Siku ya nne papa Marcellin alimpa tangazo la kifo alisome, maana hakuna mwingine. Alivaa vile vitu vya masikioni, akangoja. Pumzi haikuwepo. Akalisoma jina la kaka yake, na umri wake, akiufuatisha kwenye karatasi kwa kidole. Kisha akasoma jina la mtoto, na bila kutazama karatasi akasema: miaka mitatu na miezi miwili.