Kiraka wa Misonobari

Elius Mgaya alizaliwa Kitandililo, kwa wakulima wa mahindi na viazi. Aliposajiliwa na Misonobari, timu ya Njombe iliyokuwa imepanda Ligi Kuu, baba yake, mzee Methusela, aliomba nafasi ya matangazo kanisani akalitangaza jambo hilo mbele ya usharika mzima. Watu wakapiga makofi.

Alikuwa beki. Beki wa wapi? Hapo ndipo ilipokuwa taabu. Wa kulia akiumia, anaingia Elius. Wa kati akila kadi nyekundu, Elius. Kuna mechi kipa alivunjika kidole na nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha; Elius akavaa glovu, akamaliza mpira langoni bila kufungwa. Mashabiki wakamwita Kiraka, wakidhani wanamsifu.

Mwenyewe alitaka namba tatu, beki ya kushoto. Msimu wa nne kocha wao, Mwalimu Kornelio, alimpa hatimaye, naye akaikamata kweli, hadi ikasikika kwamba watu wa timu ya taifa wanakuja Njombe kumtazama.

Siku yenyewe, ukungu haujaachia uwanja, Kornelio alimvuta kando.

"Hilari anatapika. Utacheza kati. Kushoto ataanza Anthony."

"Leo, Mwalimu? Si unajua wale wamemfuata nani?"

"Najua. Lakini Anthony kati hawezi, wewe unaweza. Timu kwanza."

Akacheza kati. Mshambuliaji wa wageni hakupata hata shuti moja la maana, na Misonobari ikashinda. Siku chache baadaye jina lililoitwa timu ya taifa lilikuwa la Anthony.

Kijana huyo alimfuata kwa haya. "Kaka, hii ilikuwa yako."

Elius alimkumbatia, akamtakia heri. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba ili wenzake wasimsikie.

Namba tatu haikurudi tena. Nani angemweka benchi beki wa taifa? Elius akaendelea kuziba mapengo, goti likaanza kuvimba. Akachomwa sindano ya maumivu, akapangwa kulia kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mguu ulinasa kwenye matope, goti likageuka. Mkataba ulipoisha, kiongozi mmoja alimwambia klabu sasa inataka wachezaji wenye namba zao.

Siku hizi yuko Makambako na mkewe, Tabea, wanauza viazi. Magunia hawezi kuyabeba. Anayashona midomo tu. Juzi redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mpira, jina la Anthony likitajwa kila mara.

"Ungemkatalia Kornelio siku ile," Tabea alisema.

"Angesema nina kiburi. Ningekaa benchi."

"Na sasa umekaa wapi?"

Elius alivuta gunia jingine, akaanza kulishona mdomo. Tabea aliona amemuumiza, akamsogezea kikombe cha chai. Hakukigusa. Chai ikapoa, na kwa baridi ya huku haikuchukua muda.